Mpishi wa Mbavu za Ijumaa

Mpishi wa nyumba ile alikuwa na tabia ya kukupa kisogo ukimsalimia. Kiburi alikuwa nacho, sitamwondolea, lakini sababu haikuwa hiyo. Macho yake hayakuuacha moto. Ukimwamkia, atakuitikia akiwa ameinamia mafiga, na ukimletea habari, hata iwe ya kifo, atakuambia, "Kaa kwanza," kisha aendelee kugeuza nyama mpaka aridhike. Wengi walimchukia kwa hilo. Mimi nilimpenda, na nimeshindwa mpaka leo kuacha kumpenda, jambo linaloniudhi kuliko hata lile alilonitenda.

Nyumba ilikuwa ya Bwana mmoja wa pwani aliyejenga hapa Kindu, ukingoni mwa Lualaba, akinunua pembe za ndovu na kulima mpunga. Wazungu tulikuwa tukiwasikia tu, tulikuwa hatujawaonja bado. Ndani ya ua wake tulikuwa wanawake kumi na zaidi, na hakuna aliyekuja kwa kupenda. Mimi nilitekwa upande wa Pangi nikiwa na mimba ya mume ambaye sikumwona tena, na binti yangu akazaliwa chini ya paa la Bwana. Mtoto aliyezaliwa uani aliitwa mzalia, na desturi ilisema mzalia hauzwi wala hatolewi, anakaa. Mama yake aliyetekwa, huyo anaweza kutolewa siku yoyote. Usiniulize nani aliyetunga desturi hiyo, ila najua hakuwa mama wa mtu.

Bwana hakutupeleka sokoni. Aliona hayo ni mambo ya watu wadogo. Yeye alitoa zawadi. Mabwana wa pwani walikuwa na adabu yao ya wageni. Mgeni akisifu kitu cha mwenyeji mara moja, mwenyeji anashukuru. Akikisifu mara ya pili, mwenyeji anacheka na kubadili mazungumzo. Akikisifu mara ya tatu, hakuna njia tena, kitu hicho kinapelekwa mtumbwini kwake. Nimeona jambia likiondoka hivyo. Nimeona mkeka mzuri ukiondoka, na asubuhi yake akaondoka mwanamke aliyeusuka, kwa sababu mgeni alisema siku moja atahitaji mwingine. Tulikuwa tukilima, tukitwanga na kucheka kama watu wote, lakini akija mgeni mkubwa utani ulikwisha, na kila mmoja alitembea akiangalia chini.

Mpishi ndiye aliyekuwa na la kuogopa zaidi, nami nitafika huko. Acha kwanza nimweleze alivyokuwa.

Alikuwa mwembamba, jambo ambalo watu hawalitazamii kwa mpishi, na viganja vyake vilikuwa vipana kana kwamba aliviazima kwa mtu mwingine. Alikuwa bahili wa chumvi. Aliifunga katika pindo la nguo yake na kulala nayo, nasi tukamtania kwamba hiyo ndiyo mume wake. Kuni, hata hivyo, alizitumia kama mtu ambaye msitu wote ni wake. Aliswali swala tano, hakukosa hata moja, lakini mbuzi akiletwa kuchinjwa alimwendea, akamwinamia sikioni na kumnong'oneza kwa lugha ya kwao. Mzee aliyekuwa akichinja alimkemea siku moja, akamwuliza anamroga mnyama au anafanya nini.

"Namuambia pole," mpishi akajibu. "Weye utamusomea Bismillahi, miye namuambia pole. Ataenda na yote mbili."

Tangu siku hiyo mzee alimngoja amalize ndipo ashike kisu.

Jambo jingine lililonishangaza ni kwamba hakula mbavu. Mwanamke aliyesifiwa kwa mbavu toka Kibombo mpaka huku alikula shingo, au sombe ya majani ya muhogo na ugali, basi. Nilidhani ni swaumu ya aina fulani. Nilipomwuliza alisema, "Kwetu ubavu njo wa mujomba. Na mujomba wangu sijui kama iko muzima." Akaendelea kumenya ndizi. Miaka yote ile alikuwa akimwekea mtu ambaye huenda alikwisha kuoza, na hakuona ajabu yoyote katika hilo.

Sasa mbavu zenyewe. Mbavu za mbuzi ni nyama kaidi. Ukizitia motoni na haraka zako zinajikunja na kukauka, na utazitafuna mpaka taya liume. Yeye alianza Alhamisi. Upande wa ndani wa mbavu kuna utando mwembamba unaong'aa. Aliuinua kwa ncha ya kisu, akaushika kwa kitambaa ili usiteleze, akauvuta wote kwa mkupuo mmoja. Wapishi wengi huuacha, na ndio unaozuia chumvi isiingie na kuikaza nyama motoni. Kisha alipaka chumvi yetu ya hapa, tuliyoipata kwa kuchoma majani ya mtoni na kuchuja majivu yake. Ina ukali fulani kama wa magadi, inakoleza na kulainisha pamoja. Baada ya hapo alizifunga kwa majani ya mpapai yaliyopondwa, kuanzia adhuhuri hadi alasiri, akayaondoa. Ukiyaacha zaidi nyama inageuka uji.

Ijumaa alfajiri alipanga vipande vya mgomba chini ya chungu, akatia maji kidogo, akaziweka mbavu juu yake zikiwa zimefungwa kwa majani ya mgomba, akaziba kifuniko kwa kinyunga cha unga wa muhogo. Moto ulikuwa wa maganda ya kokwa za mchikichi, yanayowaka polepole bila kelele. Chungu kilikaa hapo mpaka wanaume walipokwenda msikitini. "Ongeza muda, usiongeze moto," alisema, na aliyechochea alipigwa mwiko wa mkono. Mwisho alizifungua, akazipaka mawese, ndimu na pilipili, akazibanika juu ya makaa makali mpaka zikawa nyekundu nyeusi, na ganda la nje likakauka. Ukiuona ubavu ule ungesema hii ni nyama ya wanaume wenye taya. Ukiutia kinywani unayeyuka.

Kipimo chake kilikuwa kimoja. Alishika ubavu kwa ncha, akautikisa. Nyama itetemeke, lakini isianguke. "Ishike mufupa mpaka iingie mu kinywa," alisema. "Ikianguka mu sahani, tumekufa."

Nilidhani ni maneno ya mpishi anayejipenda. Kumbe alimaanisha alivyosema, kwa sababu Bwana hakuwa na magego.

Mbele meno yalikuwepo, na akicheka ungemwona kijana. Nyuma hapakuwa na kitu, juu wala chini. Mpishi aligundua hilo alipofagia baraza na kukuta, chini ya ukingo wa mkeka alipokaa Bwana, madonge ya nyama iliyotafunwa ikashindikana. Aliyafagia, hakumwambia mtu, na Ijumaa iliyofuata alipika kwa namna nyingine. Bwana akala ubavu wa kwanza. Akala wa pili. Kisha akageuka akatazama upande wa jikoni. Hilo ndilo lililokuwa neno pekee kati yao kuhusu meno, kama kutazama ni neno.

Utasema, meno tu? Lakini wenye bunduki hawakumfuata Bwana kwa sababu ya sura yake. Mabwana walikuwa wengi juu na chini ya mto, na kila mmoja alimtazama mwenzake aone atazeeka lini. Siku ambayo ingesemwa kwamba yule wa Kindu anasagiwa chakula kama mtoto, nusu ya watu wake wangehamia kwa mwingine kabla mwezi haujaandama, na ua wetu ungegawanywa. Tena hakuweza kupikiwa pembeni. Wanaume walikula sinia moja, na adabu ilimtaka mwenyeji avunje ubavu kwa mkono wake na kumwekea mgeni mbele. Kwa hiyo mbavu zote za sinia zilipaswa kulainika, na zote zilipaswa kuonekana ngumu.

Miezi michache baadaye Bwana alimwita mpishi mbele ya mashahidi wawili, akasema: siku nitakapokufa, mwanamke huyu ni huru. Hakusema sababu. Ahadi hiyo ilikuwa yake yeye Bwana na nyumba yake. Akimtoa mpishi kwa mtu mwingine, ahadi imekufa, ataanza upya kama aliyetekwa jana. Sasa unaona kwa nini nilisema yeye ndiye aliyekuwa na la kuogopa zaidi. Sisi tungetolewa tungepoteza tulichokuwa nacho, nacho kilikuwa kidogo. Yeye angepoteza kitu alichoahidiwa, na mtu aliyeahidiwa huwa hana usingizi.

Nilimchokoza siku moja. Nikamwambia, kwa jina tunalomwitia dada mkubwa, "Yaya, wewe unangoja afe, na wewe ndiye unayemlisha vizuri kuliko wote. Si umwachie ubavu mgumu umkabe?"

Hakucheka. "Akikufa kesho, miye niko huru," akasema. "Na weye? Watoto wake watakutuma wapi?"

Maneno hayo niliyaweka moyoni. Niliamini kwamba nina mtu.

Kisha akaamua kufundisha. Alisema anazeeka, ingawa sikuona uzee. Alianza na wawili kabla yangu. Wa kwanza mbavu zake zilitoka kama kanda za viatu. Wa pili alizidisha majani ya mpapai, nyama ikamwagika kwenye makaa, paka wakashukuru. Aliwarudisha wote wawili mpungani bila kuwasema, kwa upole ambao hatukuuzoea kwake. Mimi niliwacheka mpaka nikashika mbavu zangu mwenyewe. Wale wawili walikaa Kindu maisha yao yote.

Mimi nilipatia. Sijui niseme nini zaidi. Mkono wangu ulielewa. Alinifumba macho kwa kitambaa, akanipa nyama, akasema, "Sikia na mukono, hapana na macho," nami nikamwambia hii bado, hii tayari, hii ilikuwa tayari tangu zamani umeiua. Akaguna, na mguno wa mwanamke yule ulikuwa zawadi. Binti yangu, mwenye umri wa miaka sita, alikaa mlangoni juu ya kinu kilichopinduliwa na kula mabaki ya utando uliobanikwa. Mpishi, aliyewafukuza watoto wote kwa mwiko, huyo alimwachia. Nilikuwa mtumwa katika ua wa mtu, kweli, lakini asubuhi nilipoamka nilikuwa na haraka ya kufika jikoni. Sijapata tena haraka ya namna hiyo.

Mwaka mmoja baadaye akaja mgeni kutoka juu ya mto, bwana mkubwa kuliko wetu, na mitumbwi na bunduki zake. Alifika Jumatano. Alhamisi mpishi wake, mwanamume mnene mwenye maneno mengi, alikuja kuchungulia jikoni kwetu.

"Mukubwa wangu alisikia habari ya mbavu zenu," akasema. "Huko njiani alikuwa anaongea ile tu. Nani anazipika?"

Mpishi wetu alimpa kisogo. "Kaa kwanza," akamwambia, lakini yule hakukaa, akaondoka akicheka.

Adhuhuri ya siku hiyo, kabla mbavu hazijatiwa chumvi, nilimkuta mpishi amejifunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Alisema umeteguka. "Mbavu za kesho utapika weye peke yako," akasema. "Miye nitaangalia." Moyo ulinidunda kama wa bibi harusi. Nilimwonea huruma mkono wake, nikamkanda kwa mafuta ya moto, naye alitazama makaa muda wote nikimkanda.

Nitasema wazi kwamba mbavu zile zilikuwa nzuri kuliko zote nilizopata kupika kabla na baada. Nilizitikisa zikatetemeka. Baada ya swala wanaume waliketi barazani, nami nikasimama nyuma ya ua wa matete na kuchungulia. Bwana alivunja ubavu akamwekea mgeni. Mgeni akala, akasema ni tamu. Bwana akashukuru. Mgeni akala wa pili, akasema toka atoke Unguja hajala nyama kama hii. Bwana akacheka, akauliza habari za njia. Mgeni akaweka mfupa chini taratibu, mfupa mweupe msafi, akafuta vidole, akasema kwamba aliyepika hizi angekuwa kwake, yeye asingetamani tena meza ya mtu.

Hiyo ilikuwa ya tatu. Bwana aliacha kutafuna. Nilimwona jinsi uso ulivyomwisha damu, na nilielewa: akimtoa mpishi, Ijumaa ijayo atakula nini mbele ya watu? Akikataa, mgeni mwenye bunduki zote zile ataondoka amevunjiwa adabu. Akaagiza mpishi aitwe.

Mpishi alitoka, akanishika mkono akanivuta nyuma yake. Tukapiga magoti kwenye udongo mbele ya baraza.

"Ni nani aliyepika?" Bwana akauliza.

"Bwana, mukono yangu iko mugonjwa," mpishi akasema, akainua kile kitambaa watu wakione. "Leo sikugusa hata chumvi. Njo huyu alipika."

Bwana akamtazama kwa muda. Yeye alielewa kabla yangu, na nadhani alipata nafuu kiasi cha kutaka kulia. Kisha akanigeukia mimi. "Ni kweli? Ni wewe?"

Desturi ile niliijua kama wote. Msuka mikeka nilimwona akienda. Ningeweza kusema, hapana Bwana, yeye aliniongoza, mimi nilishika kuni tu. Lakini katika miaka ile yote hakuna mtu mkubwa aliyepata kuniuliza kama jambo jema ni la mkono wangu.

"Njo miye, Bwana," nikasema. Tena nikatabasamu.

"Basi, mgeni wetu," Bwana akasema, "huyu ni wako."

Jumamosi asubuhi walinipeleka kwenye mtumbwi. Binti yangu alikuwa mzalia, hatolewi. Desturi ilishikwa barabara siku hiyo, haikukosewa hata chembe. Nililia, nikagaagaa, nikakiona cha mtema kuni, na yote hayo sitayaeleza. Nieleze moja tu. Mtoto alitaka kunikimbilia na mpishi akamzuia, amemshika mabega kwa mikono miwili, kwa nguvu, na ule mkono wa kulia haukuwa na kitambaa.

Nilikaa huko juu ya mto miaka tisa. Ijumaa ya kwanza nilipika vibaya makusudi, nikachapwa. Ya pili nilipika vizuri, maana mgongo una kikomo. Kila nilipovuta utando nilimwaza. Siku nyingine nilisema: alinipenda, hofu ikamzidi, hata mimi ningefanya hivyo. Siku nyingine nilisema: toka siku ya kwanza aliyonifumba macho alikuwa akininenepesha kama mbuzi, ili siku ya mgeni ikifika awe na wa kumsukuma mbele. Mawazo hayo mawili yalilala nami zamu kwa zamu. La pili lilikoroma zaidi.

Kisha Wazungu na mabwana wa pwani wakapigana. Yule mgeni wangu alikimbilia mashariki na watu aliowaweza, na sisi wengine tuliojua njia ya kwetu tukaishika. Nilitembea na wachukuzi wa mpunga mpaka Kibombo, kutoka hapo nikafuata mto peke yangu. Njiani nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia, nikiyarudia kwa sauti mpaka wapita njia wakanipisha wakidhani nina wazimu.

Nyumba ya Bwana ilikuwa imeanguka paa. Waliniambia alikufa zamani, kabla ya vita, na wanawe walikimbia. Mpishi? Huyo iko ng'ambo, Alunguli, wakasema, anakaa na binti mmoja.

Nilivuka. Nilimkuta mbele ya kibanda akibambua karanga, amekuwa mdogo, kichwa cheupe. Aliniona nikiwa mbali na hakujifanya hakunijua. Alisimama, na kusimama kulimchukua muda. Maneno yangu yote ya njiani yalinikimbia. Kisha msichana mrefu akatoka ndani na paji la uso la mume wangu, nikakaa chini kwenye vumbi, basi.

Hatukukimbiliana. Mpishi alimwambia, "Huyu njo mama yako, ule nilikuambia," naye akanipa mkono kwa adabu, kama mgeni, akasema nimepotea siku mingi. Kisha akaenda kunipikia. Nitasema kweli, ingawa ni damu yangu: sijapata kula kitu kibaya namna ile. Wali ulikuwa umeungua chini na juu una kiini. Kuku alikuwa kamba. Chumvi ilikuwa yote upande mmoja. Jirani aliyepita akaona ninavyohangaika, akacheka, "Mutoto wa mupishi, lakini huyu anaweza kuunguza hata maji." Msichana akainamisha kichwa, nikaona hiyo haikuwa mara ya kwanza. Akachukua mtungi akaenda mtoni.

Tukabaki wawili. Hasira ilinirudia, na ilirudi kwa mlango ambao sikuutazamia.

"Yaya," nikasema, "mimi ulinifundisha mpaka ukanimaliza. Huyu umekaa naye miaka tisa, hukumfundisha hata wali?"

"Sikumufundisha."

"Ulichoka?"

"Nilimufukuza ku jiko. Akigusa mwiko, namupiga. Akishika sindano, namunyanganya. Alilia, alisema wenzake wanamucheka. Nikamuacha alie."

Karanga zilikuwa zimekwisha katika ungo, lakini vidole vyake viliendelea kutafuta.

"Bwana alikufa mwaka wa tatu," akasema. "Mashahidi walisema kweli, nikakuwa huru. Lakini watoto wake hawakujali desturi ya baba yao. Walitoa hata wazalia."

"Wewe ulikuwa huru. Mbona hukuondoka?"

"Niende wapi, na yeye iko mule?" Akaendelea, akiangalia ungo: "Wageni walikuja. Wakapanga watoto mu uwanja, mumoja mumoja. Huyu anajua kusuka, wakamupeleka. Huyu anajua kushona, wakamupeleka. Wakafika kwake. Wakaniuliza, na huyu? Nikasema, huyu hajui kitu. Wakamupima, wakamupa unga apike. Wakaonja. Wakamuacha."

Hakuniomba radhi. Nilingoja aombe, nikiwa na jibu langu tayari, na jibu hilo lilikuwa hapana. Hakuomba, nami sikumwambia nimemsamehe, kwa sababu sikuwa nimemsamehe. Tulikaa tu, nikimtazama mikono, mpaka binti yetu aliporudi na maji.

Nikamnyoshea sahani, nikamwomba aniongezee. Alisimama akinikodolea macho, hajui kama ninamdhihaki. Kisha akaenda kukwangua sufuria, na nikamsikia huko ndani, kwa mara ya kwanza, akiimba kidogo.